Kidevu Changu na Fimbo ya Maestro

Jumapili, na joto limekaba. Wingu limekaa juu ya ziwa tangu asubuhi, mvua yenyewe haitaki kunyesha, nami sina hamu ya kuongea na mtu.

Tamasha lilikuwa jana alasiri. Shajara yangu ya mtandaoni, nianze na Maestro, maana bado ananikera.

Alitujia kutoka Nairobi siku chache kabla ya tamasha kuongoza okestra yetu, fimbo yake ya kuongozea muziki ndani ya kikasha cha ngozi kama cha miwani. Anasalimia kwa ncha za vidole. Maji anakunywa ya vuguvugu, yenye limau, na nywele anazirudisha nyuma hata kama hazijasogea. Siku ya kwanza alitukataza kupiga miguu chini. Akasema macho yote yawe kwake.

Yawe kwake, wakati watu wale nimewalea mimi.

Okestra yetu ni watu wa makanisa: wapiga fidla wengi wa mtaa wa Kinama, tarumbeta kutoka mtaa wa Jabe, na Papa Joël wa besi, ambaye pia ni mwenyekiti wa kamati. Kanisani hatuna fimbo. Anayepiga kinanda akiinua kidevu, wote wanaingia. Ndivyo tulivyofanya mazoezi yote, mimi nikimshikia nafasi mpiga piano aliyekuwa hajafika. Kamati ikasema tumjaribu Maestro kwa tamasha hili moja. Likienda vizuri, atakuwa akija kutuongoza. Likiharibika, Dada Esta ataendelea.

Dada Esta ni mimi.

Mpiga piano mwenyewe ni binti wa mtaa wa Kinanira aliyerudi kutoka masomoni Ubelgiji, mpole hadi anachosha. Nilipomwachia kiti, Maestro alininyooshea fimbo. "Wewe dada, kaa pembeni yake umfunulie kurasa."

Kufunua kurasa. Mimi.

Jana ukumbi ulijaa. Wakubwa walikaa mbele wakijipepea kwa karatasi za programu, na kila muziki ulipovuta pumzi walipiga makofi wakidhani umekwisha. Sijui walikuja kusikiliza nini. Nadhani walikuja kuonana wao kwa wao.

Sehemu ya pili ni ya polepole. Kuna mahali piano inabaki peke yake, inanyamaza, halafu inamalizia maneno yake machache ndipo fidla zirudi. Katika mazoezi kile kimya nilikuwa nakipita haraka, sina subira nacho. Binti alikikalia. Alifumba macho, ukumbi mzima ukatulia, hata zile karatasi zikasimama. Mkono wa Maestro ulikuwa juu, macho yake kwenye vidole vya binti, anamsubiri.

Nami nikainua kidevu.

Fidla zote zikaingia. Zilimkuta binti katikati ya sentensi yake. Akaikatiza, akaruka kutufuata, na kwa muda tukawa uji mtupu. Maestro alipunga mikono kama anayefukuza nzi mpaka tukakutana tena. Wakubwa wakapiga makofi, hawakusikia kitu.

Ningependa kuandika kwamba ilikuwa mazoea. Nusu ni mazoea. Nusu nyingine nilitaka kuona watamfuata nani. Walinifuata mimi, na kwa kitambo kifupi nilifurahi sana.

Nyuma ya jukwaa, tukinywa Fanta, Papa Joël alinivuta kando.

"Dada, ule mutu alisahau kutuingiza. Kama si weye, siye tungelala pale. Apana, hii kazi hawezi."

Nilimaliza Fanta yangu.

Halafu akaja Maestro, koti mkononi, shati limelowa jasho. Aliniambia, "Dada Esta, naomba radhi. Nadhani mkono wangu ulicheza kidogo, nikawachanganya. Wewe ulikuwa umewaandaa vizuri."

Nikamwambia, "Si neno, Maestro. Hutokea."

Nilimsamehe kosa langu mwenyewe. Na alinishukuru.

Leo asubuhi Papa Joël amenipigia simu. Kamati imekubaliana: Maestro hatarudi, mimi niendelee. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuongea.

Tangu hapo nimekaa barazani nikijaribu kumdharau yule mtu kama nilivyomdharau juzi. Nimejikumbusha kikasha. Nimejikumbusha limau. Nimejiuliza ni mtu wa namna gani anaomba radhi bila kuuliza kwanza nani amekosea. Dharau bado ipo tele, ila yeye haimfikii tena.

Papa Joël husoma blogu hii, na akikuta nimemtaja hunipigia kulalamika. Basi soma hadi mwisho, Papa Joël. Maestro hakusahau kutuingiza. Wakati wetu ulikuwa bado, na mimi nilijua.