Kasuku wa Pili

Mkwe wangu Sunaina,

Nimekwenda sokoni kununua mbegu za uwatu. Wali na dengu nimefunika jikoni. Mbuzi asifikie ile ndoo ya magazeti niliyoyaloweka ya kufinyangia kasuku. Na kasuku wa karatasi aliyebaki usimtundike ukutani peke yake, nakuonya. Ndege mpweke hawekwi katika chumba cha bibi harusi, na wifi yako anaolewa wiki ijayo.

~~Ungemshika vizuri yule mwingine asingevunjika.~~

Hapana. Asubuhi nilikufokea bure. Baadaye nimeokota vipande vyake, ndani vimeliwa na wadudu. Uwatu uliochanganywa na karatasi ndio unaowafukuza, na mimi niliyeponda magazeti yake niliusahau.

Kasuku wa pili mfinyange wewe. Nikirudi nitakusagia uwatu.

Kula, usiningoje.

Mama yako