Upepo wa Tairi la Nyuma

Jumatatu, 5 Machi 1984
Nimepima matairi ya pikipiki ya Sylvesta. La mbele sawa. La nyuma lilikuwa pungufu kidogo, nikapiga pampu mara tano, likafika ishirini na nane kwenye kipimo, inavyotakiwa. Napima kabla hajaiwasha, tairi likiwa baridi, kama marehemu baba yake alivyonifundisha alipokuwa dereva wa mapadri. Likitoka safari joto linavimbisha upepo, kipimo kinakudanganya. Sylvesta hataki kujua. Ana cheti cha mifugo, anachanja ng'ombe mpaka Bonga na mbele zaidi, lakini tairi analipiga teke tu! Ati liko sawa, twende. Teke! Basi napima mimi, kila alfajiri. Magoti yangu yamechoka kuchuchumaa.

Jumanne, 6 Machi
Mvua. Sukari hakuna, tumekunywa uji mtupu. La nyuma ishirini na nane. Sylvesta anasema pikipiki inayumba nyuma kwenye kona. Nikamwambia punguza mbio. Akasema, Mama, konokono alinipita. Mdomo huo!

Jumatano, 7 Machi
Siku ya Majivu. Nimepima, nikaenda kanisani. Nimechoka.

Alhamisi, 8 Machi
Ameanguka. Kwenye kona, kabla ya kufika Bonga. Goti limechunika, kiwiko kimevimba, kifuniko cha boksi la chanjo kimepasuka. Amerudi anasukuma pikipiki, matope mpaka masikioni. Xaveria mkewe akaanza kulia. Nikamwambia nyamaza, mume hajafa, chemsha maji. Kisha nikaenda nyuma ya zizi nikalia mimi.

Ijumaa, 9 Machi
Amekuja Mikidadi, fundi wa hapa Bagara. Akazungusha gurudumu, akabinya, akaniita. Mama Sylvesta, tazama ubavu huu. Nyufa! Akasema tairi hili limetembea laini kwa miezi, upepo hautoshi, ndiyo maana kwenye kona linalala na kumtupa mtu. Miezi! Nikamwambia, mimi napima kila siku, tangu wewe hujui spana inashikwa wapi. Akacheka. Akasema, basi bibi, huo upepo unakwenda wapi?
Nikatema mate kwenye valvu – zamani tulitumia povu la sabuni, sasa sabuni iko wapi? – mate yakatulia, hakuna hata kiputo. Halivuji! Nikamwambia, labda anaufungulia mtu anayetaka kazi ya ufundi. Hakucheka tena. Akakunja mfuko wake wa spana akaondoka bila kuaga.
Tairi jipya hakuna. Sylvesta ameandika barua tatu ofisini, maana pikipiki ni yao, jibu ni moja, subiri meli. Hili likipasuka pikipiki itaingia bohari, yeye atatembea kwa miguu. Hayo ni iwapo hajavunjika shingo kwanza.

Jumamosi, 10 Machi
Pikipiki imelala ndani. Nimepima tena, makusudi. Ishirini na nane! Nimemtangazia Sylvesta kitandani, kwa sauti, na Mikidadi asikie huko aliko.

Jumapili, 11 Machi
Baada ya misa nilikuwa napima, Xaveria akanikuta. Akainama. Akasema polepole, Mama, hapo ni kumi na saba. Nikamwuliza, umeijua lini pikipiki wewe? Akasema pikipiki siijui, Mama, namba nazijua. Nikamfukuza akaangalie maharage.
Kisha nikaenda kwenye kalenda ya parokia ukutani. MACHI naiona. Zile tarehe ndogo – chawa watupu. Nikasogea. Nikarudi nyuma. Nikaibandua, nikaipeleka mlangoni kwenye jua. Chawa.
Na mbuzi wa jirani Bernadina kule ng'ambo ya bonde namwona mpaka masikio! Ndiyo maana sikuyashuku macho yangu. Nilisema ni giza la alfajiri. Mafuta ya taa hakuna, nani haoni giza? Humu kwenye daftari naandika makubwa, siku moja ukurasa mzima, nikalaumu mistari imefifia.
Kumbe kwenye kipimo nilikuwa nasoma ninachotaka. Na mtoto wangu akapanda juu ya tairi hilo akaenda.
Mikidadi wa watu. Nimemtukana bure.
Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 12 Machi
Leo anarudi kazini. Goti bado limevimba, lakini ng'ombe wa mzee Gidamanyega wanasubiri chanjo, na ofisini hawataki kusikia habari ya goti. Akaniita nje, Mama, njoo upime nitoke. Nikasema leo mgongo unaniuma, Xaveria apime. Mgongo! Xaveria alinitazama, akapokea kipimo. Nimekaa dirishani na daftari nionekane nina kazi.
Amechuchumaa. Anasoma kwa sauti. Kumi na sita.
Sylvesta anasema, haiwezekani. Juzi Mama amesema ishirini na nane, na pikipiki haijatoka mlangoni. Nani ameutoa upepo? Anasema ni yule Mikidadi, Mama alimshuku toka mwanzo. Anasema anakwenda kwake sasa hivi. Anachukua fimbo!
Xaveria amemshika mkono. Sylvesta anauliza, kumbe unajua kitu? Sema!
Xaveria amegeuka, anatazama dirisha hili. Kutoka hapa uso wake nauona vizuri kabisa. Ananingoja mimi –