Kahawa ya Mbaruku

Kariakoo, Dar es Salaam

Mpwa wangu Humoud,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana hasira hainiachii nafasi ya salamu ndefu. Sisi wazima, ila mvua imetuangushia jiko.

Mimi mjomba wako sasa ninaandika hadithi za mauaji gazetini. Zikitoka, hata bomani kazi husimama! Huku jioni mmoja husoma kwa sauti barazani, mtaa mzima ukisikiliza.

Basi nikambuni muuza kahawa mwenye chongo, anayewatilia watu sumu. Kumbe shemeji yangu Mbaruku naye anauza kahawa, naye ana chongo! Sasa akipita na dele lake la kahawa watu wanamcheka: "Leo zamu ya nani, Mbaruku?" Hanunui mtu, na watoto wake wanalala njaa. Dada yake, mke wangu Sitara, akarudi kwao. "Sikanyagi kwako mpaka kahawa ya kaka yangu inywewe."

Nikainywa mwenyewe mbele ya watu wa barazani, kikombe juu ya kikombe. Wakasema, "Muuaji hamtilii sumu mwenziwe."

Nikachoka. Katika sehemu ya mwisho ya hadithi nikaandika kwamba muuaji hasa ni mwandishi, Zahoro wa Kariakoo. Ilisomwa jana. Kahawa ya Mbaruku ikaisha yote, na Sitara karudi, lakini hali chakula mpaka nionje mimi kwanza. Nami nikikaa barazani, watu wanafunika vikombe vyao kwa viganja.

Nitafutie chumba huko Bagamoyo. Wakiuliza kazi yangu, waambie nauza chumvi.

Ni mimi mjomba wako niliyeudhika,
Zahoro