Nani Alisema "Leka"?

Jumapili, Novemba. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikatuachia nafasi ya kwenda kanisani, ikarudi tulipotoka. Ziwa halionekani kabisa leo.

Shajara yangu, na nyinyi wachache mnaopita kwenye blogu hii kutafuta habari za timu: leo sina kikosi wala msimamo wa ligi. Nimeamka na neno moja sikioni, na halikutoka hata wakati wa mahubiri. Mchungaji alihubiri vizuri, nadhani. Mke wangu amesema alihubiri vizuri.

Neno lenyewe ni "leka."

Kwa msiokuwa wa huku, ni Kihaya, maana yake "acha." Mama humwambia hivyo mtoto anayechokoa chungu kabla chakula hakijaiva. Na sisi wachezaji wa Bukoba, zamani zangu za kucheza, kabla sijawa kocha na kabla sijaongezewa umeneja ambao hakuna mwingine aliyeutaka, tulilitumia uwanjani. Mpira wa juu ukija, kipa akiita "leka!", beki anaacha, kipa anadaka. Timu za kutoka mikoa mingine zilidhani tunatukanana.

Kipa wangu alikuwa Sued. Babu yake alitoka pwani akaja kufanya biashara ya kahawa, lakini Sued alizaliwa hapa hapa mjini na Kihaya chake kilitushinda sisi wenye nacho. Mimi nilikuwa beki wa kati. Waliniita Kisiki, kwa kuwa washambuliaji walikuwa wakijikwaa kwangu. Miaka yote tuliyocheza pamoja sikuwahi kugeuka kumtazama. Nilisikia sauti yake, ikanitosha.

Mechi ya mwisho ya msimu tuliicheza hapa nyumbani na timu ya Muleba. Sare ilitutosha kubaki kwenye daraja letu. Dakika za lala salama ikaja krosi ambayo hata bibi yangu angeiondoa. Nikajiandaa kuruka. Nikasikia "leka!" Nikaacha. Mpira ukadunda, ukampita Sued aliyekuwa amesimama kwenye mstari wake, mikono chini, ukaingia.

Tukashuka daraja.

Kamati ilituita sote wawili. Wakamuuliza Sued, "Ulimwita mwenzako?" Akajibu, "Sikumwita." Basi. Mama yangu ni mzaliwa wa Muleba, kwa hiyo kabla jua halijazama mji mzima ulishajua kwamba nimeuza mechi kwa wajomba zangu. Lisemwalo lipo, walisema. Hakuna aliyenifukuza, nisiseme uongo. Ila hata leo, nikishindwa mechi ya kirafiki tu, kuna mzee sokoni huniuliza wajomba hawajambo.

Nilimchukia Sued. Niliamini ameniruka ili jina lake libaki safi. Tangu siku ile tulikuwa tunasalimiana msibani tu, tena kwa kuwa msibani huwezi kumpita mtu.

Lakini chuki nayo huchoka. Ilipochoka, likaja jambo baya zaidi: nikaanza kuogopa kwamba Sued alisema kweli. Kwamba hakuita. Kwamba hakuna aliyeita, na mimi nilisikia kitu ambacho hakikuwepo.

Kwa sababu bado nakisikia.

Naandika hapa kitu ambacho hata mke wangu hajui, na akisoma atajua. Kila mechi, nikiwa kwenye benchi, mpira wa juu ukienda nyuma ya mabeki wangu, nasikia sauti ile nyuma ya shingo yangu. Leka. Nageuka, naona wachezaji wa akiba wanatafuna miwa. Ndiyo maana nimepiga marufuku Kihaya uwanjani. Vijana wangu wanaita "acha" na "yangu," Kiswahili kitupu. Viongozi walinisifu, wakadhani najenga umoja wa kitaifa. Nilikuwa mwoga tu.

Sasa jana.

Jana tulikuwa Muleba. Uwanja ulijaa maji upande mmoja, watu wamesimama hadi kwenye chaki, kina mama na ndizi zao za kuchoma, mbuzi wawili nyuma ya goli letu. Tulihitaji sare. Nadhani mnaona ninakoelekea. Mwishoni kabisa winga wao akapiga krosi ya kawaida, na beki wangu Novatus, kijana ambaye msimu mzima hajapitwa na mpira wa juu, akaanza kuruka, kisha akasimama. Kipa wetu naye kwenye mstari, mikono chini. Goli.

Na mimi nilisikia. Nilisikia waziwazi, "leka!" Lakini mimi huisikia kila mechi. Ushahidi wangu una thamani gani?

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo wenzake walimzunguka Novatus. Jezi yake ilikuwa imelowa. "Kocha, haki ya Mungu nimesikia leka, nikaacha kabla sijakumbuka kwamba sisi tunaita acha," aliniambia. Kipa akasema, "Mimi sikumwita." Maneno yale yale ya Sued. Halafu mmoja akakumbusha kwamba kwao Novatus ni Muleba, na baada ya hapo hapakuwa na mazungumzo tena. Njia nzima hadi Bukoba kijana alikaa kiti cha mbele peke yake, begi magotini, na mimi kocha wake sikwenda kukaa naye. Nilijua pa kukaa. Sikwenda.

Leo baada ya ibada mwenyekiti amenipigia. Kamati inakaa kesho, na wengi wanataka kijana afungiwe. "Kocha, wewe ulikuwa hatua chache tu pale," akasema. "Kuna mtu aliita?" Nikamwambia nitajibu kesho. Akacheka kidogo. "Haya. Ila wewe tena, haya mambo unayajua."

Nilijua alichomaanisha.

Mke wangu alipoona sili, akaniambia yaliyopita si ndwele. Methali hiyo ni nzuri kwa wasioumwa. Nikachukua mwavuli nikaenda Ijuganyondo kwa Sued. Sijakanyaga kwake tangu tuache kucheza.

Alikuwa barazani anachambua maharage. Amenenepa, na vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havinyooki tena kwa mashuti ya zamani. Hakusimama. Alisogeza tu sinia, nikapata pa kukaa, kisha akanisogezea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama anavyofanyiwa mgeni yeyote. Tukatafuna. Mvua ikapiga bati.

"Sued," nikasema, "ile siku. Uliita?"

"Sikuita, Kisiki. Niliwaambia wakati ule."

Nikainuka. Nilikuwa nimepata jibu langu: nina wazimu, na kesho nikisimama kumtetea Novatus nitakuwa mwendawazimu anayemtetea mtoto wa watu. Ndipo akaongeza, bila kuacha maharage yake:

"Lakini nilisikia."

Nikakaa.

"Nilisikia leka," akasema. "Nikajua ni wewe, unaniambia nisitoke, mpira ni wako. Nikabaki kwenye mstari. Halafu nikakuona nawe umesimama. Nikasema, kumbe. Kisiki kaniuza."

Nilimuuliza kwa nini hakusema mbele ya kamati. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Waliniuliza kama niliita. Hakuna aliyeniuliza kama nilisikia. Na mimi nilikuwa na hasira, waitu, ndugu yangu. Niliona nikisema nilisikia, nitakuwa nakusaidia."

Nililia. Naandika hivyo hivyo, sioni haya. Mtu mzima, kwenye baraza la watu, na mbegu ya kahawa mdomoni. Kila mmoja wetu alimwachia mwenzake mpira ule, na kila mmoja akaenda nyumbani akiamini ameuzwa. Sued akaendelea kuchambua, ila niliona anaweka mawe kwenye maharage mazuri.

Tulijaribu kukisia ni nani. Mshambuliaji wao? Labda, nao ni Wahaya kama sisi, siri yetu haikuwa siri kwao. Mtazamaji? Mama na mtoto wake? Katika mkoa huu watu husema leka kutwa kucha. Tulidhani tumebuni alama ya ujanja, kumbe tulichukua neno ambalo kila mtu analo mdomoni. Kwa hilo tulicheka, kicheko kidogo.

Nilipokuwa naaga, nimeshafungua mwavuli, sauti ikatoka nyuma ya nyumba, kali:

"Leka!"

Ilikuwa ni mke wa Sued, anamkemea mbuzi aliyeingia kwenye migomba. Lakini mguu wangu ulibaki hewani kwenye ngazi. Nikageuka. Sued alikuwa ameinama kuchukua sinia, na mikono yake imesimama, haijaligusa.

Tumezeeka, na bado tuliacha wote wawili.

Sasa niko nyumbani, mvua imepungua. Sijapona. Najua mechi ijayo nitaisikia tena nyuma ya shingo, na safari hii nitakuwa najua kwamba kweli ilikuwepo, jambo ambalo sijui kama ni nafuu. Nimempigia Novatus nikamwambia asubuhi nitampitia, tutaingia kwenye kikao pamoja na tutakaa kiti kimoja. Nilisikia anapumua tu.

Kesho watamuuliza kipa wangu kama aliita, naye atasema hapana, na atakuwa anasema kweli. Hapo nitanyoosha mkono nimuulize mimi: ulisikia?

Na akisema hakusikia?

Basi nitasimama niseme nilisikia mimi, na mzee wa sokoni awasalimie wajomba zangu mpaka nife.