Bei Hadharani, Betri Mafichoni

Garsen, siku ya mnada, alasiri. Jua limerudi baada ya mvua ya siku tatu, matope yamekauka juu tu, na mbu wamejaa kana kwamba nao wameletwa kuuzwa.

"Bei ikishuka, mnunuzi ndiye mshindi. Hayo mengine ni kelele za watu wanaopenda kubishana."

Hayo ni maneno ya Mwalimu Komora wa Minjila, mstaafu, mkulima wa mpunga na ndizi, na mpinzani wangu wa kudumu. Aliyaandika chini ya makala yangu ya wiki iliyopita kuhusu magari ya kifahari ya umeme. Hapo kwenye "watu wanaopenda kubishana" najua alikuwa ananitazama mimi, ingawa alikuwa ameketi barazani kwake na mimi niko dukani kwangu.

Mwalimu, umekosea. Nimetafuta namna ya upole ya kukuambia, sikuiona.

Mnunuzi yupi? Kuna aliyenunua jana, kuna anayenunua leo, na kuna anayengoja kesho, na maslahi yao hayafanani hata kidogo. Kampuni ikitangaza asubuhi kwamba imepunguza bei, aliyenunua jana ameamka maskini kuliko alivyolala, na hakuna mwizi aliyeingia nyumbani kwake. Gari ni lile lile, limeng'aa vile vile, lakini akitaka kuliuza ataambiwa, "Kwa bei hiyo si nitajinunulia jipya?" Anayenunua leo anachekelea mpaka tangazo lijalo. Na anayengoja kesho amejifunza jambo moja tu: kungoja. Kila punguzo linamfundisha mteja asinunue.

Na wenye viwanda je? Nimeisoma sana habari ya vita hii ya Wamarekani, Wachina na Wajerumani. Mmoja mwenye kiwanda kikubwa na akiba nene anashusha bei. Wenzake hawana hiari: wamfuate, au wabaki na magari yamejipanga uwanjani yakipigwa na jua. Mkubwa anaweza kuvumilia faida nyembamba kwa muda mrefu. Mdogo, aliyeanza juzi kwa fedha za watu, anaishiwa pumzi na kufunga milango. Akifunga, aliyenunua gari lake anabaki na kitu kizuri sana kisicho na mwenyewe, maana magari haya yanategemea kiwanda kwa kila jambo, hata programu ya kufungulia mlango.

Kisha kuna fahari yenyewe. Mtu hanunui gari la namna ile kwa sababu anataka kufika Malindi. Hata pikipiki inafika Malindi. Ananunua kwa sababu jirani yake hawezi. Ukishusha bei mpaka jirani akaweza, umemuuzia jirani gari na umemnyang'anya yule wa kwanza kile hasa alichokilipia. Ndiyo maana wengine hawathubutu kusema wamepunguza. Wanaiacha bei palepale, kisha wanaongeza viti vya ngozi bure, au kuchaji bure mwaka mzima.

Bei imeshuka, ila imevaa buibui.

Nakiri, kwa kuwa blogu hii ni shajara yangu na si jukwaa, kwamba Mwalimu ana kipande cha haki. Si kila punguzo ni hila. Betri zimekuwa rahisi kutengeneza, viwanda vimekua, na makampuni ya zamani yaliyozoea kutuuzia petroli na jina yamelazimika kuamka. Bila kelele za bei yangekuwa yamelala bado. Hilo nililiruka katika makala yangu kwa makusudi, kwa sababu lilikuwa linanivurugia hoja. Si vizuri. Nimeshaandika, basi.

Lakini si matajiri wa ng'ambo walioninyima raha wiki nzima. Ni ndugu yangu Guyo, na maksai wanane wa mama.

Guyo ni kitinda mimba wetu. Anabeba maharusi na wageni kwa gari lake la petroli, kutoka Malindi mpaka upande wa Lamu. Kazi ilikuwa nzuri hadi mshindani wake wa Malindi aliponunua gari la kifahari la umeme, lililotumika. Halingurumi. Skrini iliyo mbele ya dereva ni kubwa kama sinia la pilau. Mabibi harusi wote wakalitaka hilo. Kisha yule bwana, kwa kuwa hanunui petroli, akapunguza nauli, na Guyo akaanza kushinda nyumbani akipiga simu zisizopokewa.

Ndipo yadi moja ya magari ya Mombasa ikamtafuta. Wana gari la aina ile ile, limetumika, na bei yake imeanguka kwa sababu kiwanda huko kwao kimepunguza bei ya jipya. Guyo akaja kwa mama na habari hiyo kama mtu aliyeokota lulu. Akaomba maksai wote wanane.

Wale maksai ndio waliobaki baada ya ukame. Wengine tuliwaacha njiani. Hawa wanane mama aliwakatia nyasi kwa mkono wake, akiwa na umri wa kupumzika, na kila mmoja ana jina. Hana kingine. Alikubali kwa sababu mama hajui kumkatalia Guyo. Hilo ni tatizo la nyumba yetu tangu mwaka aliozaliwa.

Mimi nilipinga. Nilimsomea makala zangu zote nne. Akanijibu, "Dada, wewe umesoma mpaka umeogopa kuvuka barabara."

Nikazikusanya makala zangu nikarudi dukani.

Leo asubuhi basi nilifunga duka nikaenda mnadani na mama na Guyo. Kwa asiyeujua mnada wetu, nieleze. Bei haitamkwi. Dalali ana shuka begani. Analifunika juu ya mkono wake na mkono wa muuzaji, na huko ndani vidole vinazungumza. Kidole hiki ni kiasi hiki, kukibana mara mbili ni kiasi kile. Kisha anakwenda kwa mnunuzi na kufanya vivyo hivyo. Ukiutoa mkono, biashara imekwisha, na hakuna anayenuna. Aliyesimama hatua moja kutoka hapo hajui ng'ombe amekwenda kwa kiasi gani.

Miaka mingi niliudharau utaratibu huu. Niliuita giza. Mwezi uliopita, kwa ushujaa wangu wa kalamu, niliandika hapa hapa bei ambayo jirani yetu mmoja aliuzia dume lake, eti nawatetea wafugaji. Mnada uliofuata wanunuzi walikuja wote na bei ile ile mdomoni, na hakuna aliyekubali kuipita hata kwa dume bora mara mbili. Yule jirani aliuza dume lake la pili kwa shida, akalazimika kupunguza. Wafugaji walinilipa utetezi wangu kwa kutonisalimia wiki mbili.

Nilistahili.

Dalali wetu leo alikuwa Dhadho, mtu wa makamo, mcheshi, mdomo haufungi hata akila. Mnunuzi alikuwa bwana wa lori kutoka Mombasa. Mama alikaa kwenye kivuli cha lori la yule bwana na vibuyu vya maziwa anayowachuuzia majirani, mimi pembeni. Dhadho aliutia mkono wa Guyo ndani ya shuka. Nikaona bega la ndugu yangu linacheza kidogo, ishara kwamba bei ni nzuri. Nikajua maksai wamekwenda.

Simu ya Guyo ikalia. Ilikuwa yadi. Mkono wa kulia umo ndani ya shuka, hawezi kuutoa bila kuvunja biashara, basi akaishika simu kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa mnada una kelele akaiweka kwenye spika. Tukasikia sote, pamoja na ng'ombe.

"Bosi! Habari njema! Bei imeshuka tena. Kiwandani wamepunguza jana, na sisi tumepunguza leo. Lakini ni leo tu, bosi."

"Tena?" Guyo akacheka kwa furaha. "Si mlipunguza Jumatatu?"

"Ndiyo uzuri wake, bosi!"

Dhadho, ambaye hakuulizwa, akasema kwa sauti ya mnadani, "Mnyama gani huyo, Guyo? Mimi ng'ombe akishushwa bei mara mbili wiki moja, sisimami mbele yake. Nazunguka nyuma nione anachechemea mguu gani."

Watu wakaangua kicheko. Bwana wa lori alicheka mpaka akashika tairi. Guyo hakucheka. Nilimwona anafikiri, na uso wa ndugu yangu anapofikiri haufichiki.

Akauliza, "Betri imebaki na nguvu kiasi gani?"

"Betri iko sawa kabisa, bosi. Usijali."

"Ipimwe mbele yangu, niandikiwe."

"Hiyo hatufanyi, bosi. Kwani huniamini?"

Mama alikuwa anamimina maziwa. Hakuinua hata kichwa. "Mwambie amlete hapa sokoni," alisema, "tumfungue mdomo."

Guyo akakata simu, akautoa mkono ndani ya shuka.

Dhadho alibaki ameushika mkono wake mwenyewe. Kisha akapiga yowe, "Wallahi, ulimi wangu umenila mimi mwenyewe! Malipo yangu yamekwenda!" Na watu wakacheka upya, safari hii pamoja naye.

Baadaye Guyo na bwana wa lori walipatana upya chini ya shuka lile lile, kwa maksai mmoja tu. Kwa fedha za maksai huyo, Guyo atatengeneza kiyoyozi cha gari lake, abadilishe viti na alipake rangi. Nauli hataishusha. Ananiambia mshindani wake hajawahi kulipitisha lile gari baada ya Minjila barabara ikiwa na maji, kwa sababu limelala chini kama mamba na kwa sababu mbele huko hajui atachaji wapi. "Yeye auze ukimya," alisema. "Mimi nauza kufika." Sijui alilitoa wapi neno hilo. Natamani ningeliandika mimi.

Sasa niungame. Nilipowaona maksai saba wanarudi nyumbani, mama nyuma yao akiwaita kwa majina, nilifurahi, na dakika hiyo hiyo nilikasirika. Makala nne! Nimesoma ripoti mpaka macho yakauma, nimeeleza habari za ushindani, za faida, za thamani inayoyeyuka, na kilichomwamsha ndugu yangu ni mzaha wa dalali. Nilitembea kutoka mnadani mpaka dukani nikibishana peke yangu. Nilipofika nilikuwa nimeshindwa, na nilikuwa na furaha. Chai ya leo ni tamu kuliko ya siku zote.

Na nimejifunza jambo ambalo halimo katika ripoti hata moja niliyoisoma.

Mnadani kwetu kinachofunikwa ni bei peke yake. Ng'ombe mwenyewe yumo juani. Mfungue mdomo, mhesabu meno, mpapase mbavu, mtembeze, mzunguke mara kumi. Hakuna atakayekuuliza, "Kwani huniamini?" Yeyote akitaka kumficha mnyama, hilo ndilo tusi. Kwa magari haya mambo yamepinduka. Bei inapigiwa kelele duniani kote, saa kwa saa, na mnyama ndiye aliyefunikwa shuka. Betri ndiyo gari. Ikizeeka, ulichobaki nacho ni viti vya ngozi na skrini. Na punguzo la kiwandani linapoangukia soko la magari yaliyotumika, lile zuri na lile bovu yanashuka pamoja kwa bei moja, bovu likijificha nyuma ya zuri, na muuzaji anaimba kwamba bei imeshuka kwa sababu ya kiwanda. Huenda. Huenda pia linachechemea.

Kwa hiyo siwalaumu sana wenye viwanda leo, jambo ambalo litawashangaza wanaonisoma. Wapigane. Vita yao itatuletea magari ya bei nafuu, na siku moja hata sisi tutapita Minjila bila kunusa moshi. Guyo atanunua lake. Hajaacha kulitaka, na mimi sitamzuia.

Mnisikilize basi ninyi wenye yadi za magari, Mombasa na Malindi, na najua mnanisoma kwa sababu mmoja wenu alinitukana hapa mwezi uliopita. Acheni kuniletea bei. Bei nimeshaisikia. Kila gari la umeme mnalouza lipimwe betri mbele ya mnunuzi, na kipimo kiandikwe kwenye karatasi yenye muhuri wenu, kabla hamjamwomba mtu shilingi moja. Asiyeweza kufanya hivyo asimpigie tena ndugu yangu simu, wala ndugu ya mtu yeyote aliye na ng'ombe huku Tana.