Shemeji Anataka Kumwokoa Mwanangu kwa Klarineti

Mpendwa Tiya Consing,

Nakusoma gazetini kila Jumamosi nikiwa nasubiri suman zangu za mchele kwenye majani ya mgomba ziive, na sikuwahi kudhani itafika siku na mimi nikuombe msaada, lakini mtihani wa mwanangu umekaribia, kwa hiyo nakuandikia hivyohivyo, shule niliiacha mapema, mwandiko usiuangalie.

Nina binti, Jovelyn, yuko mwaka wa mwisho chuo cha muziki kule Manila, anapuliza basuni, ule mti mrefu unaompita kimo, na mtihani wake wa kumaliza ni kupiga na wenzake wanne muziki mpya wa mtunzi mmoja kijana, yaani yuko hai bado, filimbi, obo, klarineti, pembe na basuni, wapulizaji watano bila ngoma na bila mtu wa kuwaongoza. Likizo hii amekuwa akijifunza sehemu yake hapa nyumbani. Tiya, mimi nimeolewa katika ukoo wa bendi, muziki naujua kwa masikio, lakini huu unanitoa jasho. Anapuliza hewa tupu kama mtu anapoza uji. Anagonga vidude vya basuni kwa vidole, tak-tak-tak. Halafu anatoa sauti moja kama bata aliyekanyagwa, halafu ananyamaza, ananyamaza weee, macho kwenye karatasi, kichwa kinatikisika taratibu, na mimi jikoni mwiko umesimama hewani najisemea basi, mwanangu amesahau.

Sasa tatizo lenyewe ni shemeji yangu Delfin, kaka mkubwa wa mume wangu. Mume wangu ni baharia, nyumbani anakuja kama mgeni, kwa hiyo Delfin ndiye aliyemfundisha Jovelyn nota ya kwanza, yeye ni mpuliza klarineti wa bendi ya mji wetu tangu akiwa na nywele. Na unazijua bendi zetu kwenye maandamano ya sanamu ya mtakatifu, mwenzako akikatika pumzi au akijikwaa kwenye jiwe, wa pembeni anaipokea sauti yake palepale ili mtakatifu asipite kimya, hiyo ndiyo heshima yao, hawaachani. Basi nyumba zetu zimetenganishwa na ukuta wa mabati tu, na siku ya kwanza Jovelyn aliponyamaza, Delfin huko upande wa pili akadhani mtoto amekwama, akanyakua klarineti akaingia na wimbo wa gwaride wa sikukuu, kwa mapafu yote, mbwa wa mtaa mzima wakaitikia.

"Baba Mkubwa!" Jovelyn akapiga kelele. "Umenipotezea hesabu!"

"Nimekupokea, mwanangu!" Delfin akajibu juu ya ukuta, amefurahi kweli. "Endelea, nimekushikia!"

"Sijakwama! Hicho kimya kimeandikwa!"

"Kimya gani kirefu hivyo? Mtunzi alikwenda chooni?"

Tiya, nilicheka mpaka nikakaa chini, na Jovelyn akanitazama kama mimi ndiye niliyepuliza.

Tangu hapo ikawa kila akinyamaza, anapokelewa. Tukadhani itaishia hapa ukutani. Juzi Delfin akaniletea sare yake nyeupe ya bendi nimpigie pasi.

"Shemeji," akasema, "toa wasiwasi na huo mtihani. Nitakaa viti vya nyuma, klarineti nimeificha kwenye koti. Mtoto akikwama mbele ya wale walimu, napokea."

"Shemeji, ni mtihani."

"Si ndiyo maana!"

Jovelyn alikuwa mlangoni, akasikia yote. Delfin alipoondoka, akaniambia, "Mama, mwambie asije. Akipuliza hata mara moja tu tunaanguka wote watano, siyo mimi peke yangu." Na anataka nimwambie mimi! Nitamwambiaje mtu aliyemlea mtoto wangu kimuziki kwamba haitajiki? Jumapili anakula kwetu, nitamtazamaje nikimpakulia? Na nikwambie lisilosemeka, Tiya, kuna upande mmoja wa moyo wangu unataka aje na hiyo klarineti yake, maana je, mtoto akikwama kweli?

Ni mimi Mama Jovelyn, Bulacan.

*

Mama Jovelyn,

Nimecheka, unisamehe, kisha nikafika kwenye mistari yako ya mwisho nikaacha kucheka. Delfin anapokea kwa sababu haamini kwamba kimya kirefu hivyo kinaandikwa. Wewe mwanao amekwambia kwa kinywa chake kwamba kupokelewa kutawaangusha wote watano, na bado unamtafutia mwokozi. Kati yenu wawili, nani anamharibia zaidi?

Hebu fikiria. Wewe na Delfin mmesikia sehemu moja katika tano. Ni sawa na kumsikia mtu sebuleni akiongea na simu: "Ehe. Hapana! Kweli?" halafu ananyamaza. Humkimbilii ukamnyang'anya simu umjibie. Kuna mtu upande wa pili anaongea.

Nilimpigia mwalimu mmoja wa muziki ninayefahamiana naye. Alipomaliza kukohoa kwa kicheko, akasema ameshapata wazazi wanaopiga makofi kabla ya wakati, lakini mwenye klarineti kwenye koti bado. Akaniambia kwenye muziki wa namna hiyo mmoja akinyamaza, wengine huwa wanazungumza, obo labda na pembe, naye aliyenyamaza anawahesabia ili akirudi awakute. Kule kutikisa kichwa unakokuona ukiwa jikoni ni kazi, mama, tena anasema ni ngumu kuliko kupuliza.

Sasa nisikilize. Usimwambie Delfin asije. Mtu aliyemfundisha mtoto nota ya kwanza hafukuzwi kwa ujumbe wa shemeji mwenye pasi mkononi. Jovelyn ni mkubwa, aseme mwenyewe, na aseme kwa vitendo. Awaalike wenzake wanne Jumapili hii baada ya misa, wapige hapo uani kwenu. Delfin mweke mbele kabisa, klarineti ibaki kwake, akikosa cha kushika mpe sahani ya tambi za pansit. Mara ya kwanza atacheka. Mwacheni acheke, bata ni bata. Mara ya pili Jovelyn ampe ile karatasi kubwa yenye sehemu za wote watano. Nota anazisoma, si ndiyo? Atakiona kimya kwa macho yake, na ataona nani anaongea ndani yake. Mtu wa bendi akishaona sauti iko mikononi mwa mwenzake, haiingilii, hiyo nayo ni heshima yao.

Hapo ndipo Jovelyn amwombe kazi. Mwalimu wangu anasema kwenye muziki wa hivi mara nyingi yuko mpulizaji mmoja asiyepata hata nafasi ya kuachia mkono ageuze ukurasa. Wamtafute ni nani kati yao, Delfin asimame pembeni yake amgeuzie. Atakuwa jukwaani, na sare yake nyeupe, na mikono yote miwili ina shughuli. Akifanya mazoezi nao siku mbili tatu, atakuwa mlinzi mkali wa kile kimya kuliko mtunzi mwenyewe, na ole wake atakayekohoa.

Na wewe, acha kujificha nyuma ya shemeji. Jumapili hiyo muulize mwanao akinyamaza ni nani anayezungumza, akuonyeshe. Siku ya mtihani kaa mbele, usikae mlangoni umeshika kifua. Akinyamaza, macho yako yaende kwa huyo anayepuliza, umsikilize vizuri mpaka amalize. Utamsikia Jovelyn akiingia mahali pake, mwenyewe, bila kupokelewa na mtu.

Tiya Consing