Kaanga Unga Wote

Mbita, Jumatatu

Kwa Mama yangu, huko Kegonga,

Pokea salamu zangu, na ujue nakusalimia kwa sababu ulinifunza adabu, si kwa sababu moyo umetulia. Mgongo wako unaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Sisi huku tu wazima wa mwili. Ningekuuliza haya kwa simu, lakini tangu jana hupokei, na najua simu yako haijaharibika.

Mama, nina hasira na wewe. Acha nianze na pombe.

Uliponipigia ukasema Baba amekubali kuja kwangu Jumamosi, nililia mbele ya kuku. Miaka sita tangu niolewe na Mjaluo, Baba hajakanyaga hapa. Ukaniambia nisimwekee ya chupa, nimpikie busaa kama ya kwetu. Mimi sijawahi kupika pombe hata siku moja. Nyinyi mlinipeleka shule, na jikoni mliniachia sufuria za kuosha. Nikakuuliza kila hatua. Ukasema nivundike unga wa mahindi, kisha "kaanga unga wote, usibakishe." Nami mtiifu, nikawasha moto chini ya bati nikakaanga unga wote: wa mahindi, halafu na ule wa kimea cha wimbi. Ulinukia vizuri kweli.

Jumanne nikachanganya na maji mtungini. Jumatano nikatega sikio: kimya. Alhamisi, kimya. Nikaufunika mtungi kwa blanketi la kitanda chetu, nikausogeza karibu na jiko, nikakoroga, nikatia sukari. Pombe ikakaa tu kama uji wa mgonjwa, bila hata povu. Mume wangu Ochieng akaonja akasema, "Hii tunaweza kupea watoto wa nasari." Nilimfukuza jikoni kwa mwiko.

Aliyeniokoa ni mama mkwe, mtu wa kanisa asiyeonja pombe. Alichota kidogo ule unga wa kimea uliobaki, akaunusa.

"Nyathina, mwanangu, hii thowi umechoma?" Thowi ndiyo kimea kwao.

"Mama alisema nikaange unga wote."

"Wote ya mahindi! Thowi ndio inaamsha kong'o, hii pombe yako. Ukichoma, umeua. Sasa itaamshwa na nani, Ochieng?"

Akaenda mwenyewe kwa jirani, akarudi na kimea kisichokaangwa, akakimwaga mtungini huku akikemea shetani wa ulevi. Ijumaa asubuhi pombe ilikuwa inachemka bila moto. Nilisimama pale nikicheka peke yangu.

Kosa hilo nimekusamehe. Kwetu kila mwanamke anajua kimea hakikaangwi, hukufikiri wa kwako hajui.

Lakini Jumamosi, Mama! Jogoo alichinjwa, viti vikaazimwa. Wazee wa Ochieng wakauzunguka mtungi na mirija yao, na mrija mpya wa Baba nikauweka mahali pake. Saa sita, saa tisa, saa kumi na moja, Baba hajafika. Hakuna aliyeniuliza kitu. Heshima yao hiyo iliniumiza kuliko kama wangenicheka. Jana nikampigia kaka Mwita kuuliza kama mzee ni mgonjwa.

"Mzee? Jana alikuwa anapeleka ng'ombe dipu kuogeshwa. Kwani kulikuwa na safari?"

Hukumwambia! Umeniaibisha mbele ya wakwe kwa safari uliyoitunga kichwani mwako, ukitumaini utamshawishi asubuhi yenyewe, kisha ukaogopa. Miaka sita unaniambia "Baba yako bado ana hasira." Sasa hata sijui kama uliwahi kumuuliza. Nimechoka na woga wako, Mama. Nimechoka kabisa.

Nisalimie mke wa Mwita, pole yake ya kujifungua. Nyanya mwambie dawa yake ya macho nimeipata. Mama mkwe anakusalimia pia, na anasema ukitaka kumfundisha mtu pombe, uje mwenyewe.

Barua zangu huwa unasomewa na Mwita, mkiwa wawili tu. Hii nimemwambia asiifungue. Ampe Baba, akusomee kwa sauti.

Baba, salamu. Pole kwa kusoma haya yote. Sasa umejua uliitwa. Unakuja, au huji?

Ni mimi binti yenu,
Boke